"Umefika Wapi Kaka?" Ujumbe Ulionifunza Kuiachia Simu Ijibu Yenyewe Barabarani

Leo sizungumzii kupiga picha za bidhaa wala kutafuta wateja wapya. Leo ni kuhusu kitu kinachoweza kukuumiza wewe au kijana anayekupelekea mizigo, na dawa yake iko kwenye simu hiyohiyo uliyoishika sasa hivi. Ni ndefu kidogo, lakini soma mpaka mwisho. Na kama uko kwenye usukani au juu ya pikipiki, acha kwanza. Utaikuta ukifika.

Kwa wageni wa hapa, mimi nauza mashuka na mapazia. Nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia kwenye simu na kwa kukosea. Duka langu liko Mbagala, mzigo nachukua Kariakoo, wateja wengi wananipata mtandaoni. Oda za karibu napeleka mwenyewe na pikipiki, za mbali nampa kaka mmoja wa boda tuliyezoeana.

Kilichotokea

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, zile siku ambazo watu wana hela na kila mtu anataka mzigo wake leo. Yule kaka alibeba shuka za dada mmoja wa Keko. Baada ya nusu saa dada akaandika: "Bado tu?" Mimi bila kufikiri nikamwandikia boda: "Kaka umefika wp? Mteja anauliza." Tiki mbili za kijivu. Dakika mbili zikapita, nikaongeza: "Kaka???"

Tiki zikageuka bluu. Juu ya skrini ikaja "anaandika..." Halafu ikapotea. Jibu halikuja.

Nilikasirika, nikajua amenidharau. Baadaye kidogo simu yake ikanipigia, sauti si yake. Msamaria alikuwa amebonyeza namba ya mwisho aliyoikuta. Akasema mwenye simu hii amegonga guta lililosimama mbele yake, Barabara ya Kilwa, mguu umevunjika.

Alikaa nyumbani miezi mitatu. Ana mke na mtoto mdogo, na boda hana mshahara, asipoendesha hakuna chakula. Nilichangia matibabu kwa kadiri nilivyoweza, lakini zile tiki mbili za bluu hazijanitoka kichwani mpaka leo. Nilipompigia dada wa Keko kuomba radhi kwa kuchelewa, akaniambia: "Jamani pole sana. Mimi nilikuwa nauliza tu nijue kama naweza kukimbia sokoni nikarudi. Ningesubiri hata mpaka kesho."

Mmeelewa hapo? Mteja hakuwa na haraka. Haraka ilikuwa yangu mimi. Na boda hakuwa anachezea simu, alikuwa anamjibu bosi wake.

Sekunde tano zina nini?

Watu wengi husema, "Naangalia mara moja tu." Sasa tupige hesabu ya darasa la saba. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, ambayo wengi tunaona ni mwendo wa pole, kila sekunde inakata mita 11. Ukisoma ujumbe kwa sekunde tano, umekwenda mita 55 bila kuona mbele. Ni kama umepita urefu wa Coaster karibu nane zilizopangwa foleni, macho yamefumbwa. Ndani ya mita hizo kuna mtoto anayevuka, bajaji inayokata kona ghafla, shimo, na guta lililosimama.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Virginia Tech kule Marekani walitoa matokeo ya kazi waliyofanya kwa kufunga kamera kwenye malori. Waligundua kwamba dereva anayeandika ujumbe anatoa macho barabarani kwa sekunde 4.6 katika kila sekunde 6. Kwa lori, hatari ya kugonga au kukoswakoswa ilikuwa mara 23 kuliko dereva asiyeandika. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, sekunde hizo 4.6 ni mita 115, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira.

Shirika la Afya Duniani nalo linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia. Linasema pia kwamba ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29. Huo ndio umri wangu, na ndio umri wa boda wengi tunaowatumia.

Kwa hiyo ahadi peke yake haitoshi. Mimi nilishaahidi mara nyingi kwamba sitagusa simu nikiwa njiani, lakini ikilia tu mkono unakwenda wenyewe, maana kwetu kila mlio ni hela. Dawa ni kupanga simu kabla ya kuondoka ili isilie, na ijibu yenyewe. Haya ndiyo mambo manne niliyoyafanya.

1. Mwachie WhatsApp Business amjibu mteja

Kama bado unauza kwa WhatsApp ya kawaida, pakua WhatsApp Business. Ni bure. Ndani yake ingia kwenye zana za biashara, tafuta palipoandikwa "Away message". Huo ni ujumbe unaojituma wenyewe kwa mteja ukiwa haupo. Washa, andika maneno yako, kisha chagua lini utumwe. Kuna kutuma muda wote, kuna kutuma kwa muda unaopanga mwenyewe, na kuna kutuma nje ya saa za kazi.

Mimi napeleka mizigo saa nane mpaka saa kumi mchana, kwa hiyo nimepanga muda huo. Ujumbe wangu unasema hivi, unaruhusiwa kuuchukua kama ulivyo:

"Habari, asante kwa kutuandikia. Sasa hivi niko barabarani napeleka mizigo na huwa sigusi simu nikiendesha. Nitakujibu kabla ya saa kumi na nusu. Niandikie unachohitaji, saizi, rangi na mahali ulipo, nikifika nakutumia bei na picha."

Angalia ujumbe huo unafanya nini. Unamwambia mteja uko wapi, unampa saa ya kujibiwa, na unamwachia kazi ndogo ya kufanya. Ukisimama unakuta ameshaandika "sita kwa sita, rangi ya maziwa, niko Tandika." Wewe ni kutuma bei tu. Zamani tungezungushana ujumbe kumi kufika hapo.

Jambo moja wengi wanakosea: wanazima data au wanaweka simu kwenye alama ya ndege. Ukifanya hivyo ujumbe huo hauendi, maana unahitaji simu iwe na intaneti. Acha data iwake. Kinachozimwa ni mlio, na hilo linafanyika hatua inayofuata.

Pia andaa majibu ya haraka, yale yanayoitwa "Quick replies". Unaandika mara moja maelezo ya bei, vipimo au namba ya malipo, halafu siku nyingine unaweka alama ya mkwaju na neno fupi, maelezo yote yanatokea. Haya si ya kutumia ukiwa unaendesha. Ni ya kutumia ukisimama, ili wateja kumi waliokusubiri uwamalize kwa dakika tano badala ya arobaini. Mtu akijua kazi ya kujibu ni nyepesi akifika, hana sababu ya kujibia njiani.

2. Nyamazisha simu kabla ya kuwasha chombo

Simu za Android karibu zote, hata hizi za bei zetu, zina kitu kinaitwa "Usinisumbue". Kwenye simu iliyowekwa Kiingereza kimeandikwa "Do Not Disturb". Vuta skrini kutoka juu kwenda chini, utaona alama yake, bonyeza. Simu haitalia wala kutetemeka kwa ujumbe.

Najua utauliza: je, mtoto akiumwa? Je, mama akipiga? Ingia kwenye mipangilio yake, kuna sehemu ya kuruhusu watu maalumu. Weka mke au mume, mzazi, na mwalimu wa mtoto. Simu zao zitaita. Kuna pia sehemu ya kuruhusu anayepiga mara mbili. Ukiiwasha, kwenye Android mtu akipiga tena ndani ya dakika 15, simu ya pili inaita. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika tatu. Mwenye dharura ya kweli atapiga mara mbili. Anayeuliza bei hapigi mara mbili, ataandika. Na hiyo simu ikiita, usipokee huku unaendesha. Weka chombo pembeni kwanza.

Kama una Samsung ya miaka ya karibuni, tafuta "Modes and Routines", ndani yake kuna "Driving". Unaweza kuipanga ijiwashe simu ikiunganika na Bluetooth ya gari. Ukiingia ndani ya gari imejiwasha, huna cha kukumbuka.

Wenye iPhone, ingia Settings, kisha Focus, kisha Driving. Chagua ijiwashe lini: yenyewe ikihisi mwendo, ikiunganika na Bluetooth ya gari, au uiwashe kwa mkono. Ina jibu lake la moja kwa moja, na mtu akijibu kwa neno "urgent" ujumbe wake unapita. Lakini sikiliza vizuri hapa: jibu hilo ni la ujumbe wa kawaida wa simu, si la WhatsApp. Ndiyo maana hatua ya kwanza huwezi kuiruka. Na ukichagua ijiwashe yenyewe, inaweza kudhani unaendesha hata ukiwa abiria ndani ya daladala. Usiichukie kwa hilo, unabonyeza tu kwamba huendeshi.

Sisi wa pikipiki hatuna Bluetooth ya gari, kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu mmoja: helmeti haipandi kichwani kabla simu haijanyamaza. Mkono wa kwanza simu, wa pili helmeti. Wiki ya kwanza nilisahau mara kadhaa, sasa hivi mkono unajua wenyewe.

3. Usimuulize boda yuko wapi. Angalia

Hii ndiyo ningeijua mapema, yule kaka asingevunjika mguu.

WhatsApp ina lokesheni ya moja kwa moja. Boda akiwa bado dukani, hajawasha pikipiki, anafungua mazungumzo yenu, anabonyeza alama ya klipu, kwenye iPhone ni alama ya kujumlisha, anachagua lokesheni, halafu "Share live location". Atapewa muda wa kuchagua: dakika 15, saa moja, au saa 8. Anachagua saa moja, anatuma, simu inaingia mfukoni.

Kuanzia hapo wewe unamwona kwenye ramani anavyosogea. Yupo Mtoni, yupo Keko, amesimama. Mteja akiuliza "bado tu?" unamjibu wewe mwenyewe, uliyekaa kwenye kiti dukani: "Ameshapita Mtoni, bado kidogo." Boda hasumbuliwi hata kidogo. Data kidogo inatumika na chaji inashuka, kwa hiyo hakikisha ana vyote kabla ya kutoka. Bando la boda wangu siku za mizigo nalipa mimi. Nimelipia mambo mengi ya kijinga kwenye biashara, hilo si mojawapo.

Akishamaliza anaikata, au inajikata muda ukiisha. Mwambie hivyo tangu mwanzo, asije akadhani unamfuatilia hadi kwake. Kuaminiana ni pande zote mbili.

4. Kubalianeni kabla ya safari

Simu nzuri bila makubaliano haisaidii. Mimi na boda wangu tumekubaliana mambo haya:

- Namba ya mteja, jina la mtaa na alama ya jirani anapewa zote kabla ya kuondoka. Kama kuna ramani ya kufuata, anaiwasha akiwa amesimama.
- Nikimwandikia akiwa njiani, ni ruhusa asinijibu. Nilimwambia kwa mdomo wangu: "Usiponijibu nitajua unaendesha, sitakasirika."
- Kama nina jambo kubwa, mfano mteja ameahirisha, namwandikia nikiona kwenye ramani amesimama. Kama hajasimama, namsubiri.
- Akifika ndipo anampigia mteja, pikipiki ikiwa imezimwa.

Kwa mteja nako nimebadilisha maneno. Zamani nilikuwa nasema "dakika kumi tu anafika," huku najua ni uongo. Dakika kumi zikiisha mteja anaanza kuuliza, mimi namsukuma boda, boda anakimbiza chombo huku anaandika. Uongo wangu mdogo ndio ulikuwa unaanzisha mlolongo wote. Sasa hivi nasema, "Utapata kati ya saa nane na saa kumi. Akikaribia nakwambia." Maswali yamepungua sana, kwa sababu mtu aliyepewa muda wa kweli hana cha kuuliza.

Vitu vinavyotudanganya

Cha kwanza ni kubana simu ndani ya helmeti. Mikono iko huru kweli, lakini akili iko kwenye maongezi. Na helmeti iliyobanwa simu haijakaa sawa kichwani.

Cha pili ni spika za masikioni. Shirika la Afya Duniani linasema kuongea bila kushika simu si salama zaidi sana kuliko kuishika. Macho yanatazama barabara, lakini kichwa kinapiga hesabu ya punguzo. Juu ya hapo husikii honi.

Cha tatu ni foleni na taa nyekundu. Unasema "nimesimama, ngoja nijibu mmoja." Taa inawaka kijani uko katikati ya sentensi, nyuma wanapiga honi, unaondoka huku unamalizia. Kama lazima ujibu, ingia pembeni pa salama, zima chombo, jibu wote, halafu endelea.

Cha nne ni sauti. Ndiyo, kurekodi sauti hakuhitaji kusoma herufi. Lakini unatafuta kitufe, unakishikilia kwa mkono mmoja, unaendesha kwa mwingine. Bado ni simu.

Je, mteja hatakimbia?

Hili ndilo swali lenu kubwa, na lilikuwa langu. Tunaogopa kwamba usipojibu dakika hiyohiyo anahamia kwa jirani. Nitasema ukweli: wapo wanaoondoka. Anayetaka pazia ndani ya dakika tano atanunua kwa aliye karibu naye. Lakini tangu nianze utaratibu huu, wengi wanasubiri, na wengine wananiandikia "safari njema, endesha taratibu." Mteja haudhiki kwa kusubiri peke yake. Anaudhika kwa kusubiri bila kuambiwa. Ukimwambia, umemheshimu, na duka linalosema ukweli kuhusu muda linaaminika hata kwenye ubora wa bidhaa.

Piga na hesabu nyingine. Oda moja ya shuka inaniachia faida ya kununua chakula cha siku chache. Mguu mmoja uliovunjika ulimnyima yule kaka miezi mitatu ya kazi, pikipiki ikapigwa gereji, mzigo ukachanika, na mimi nikachanga matibabu. Hakuna oda niliyowahi kuuza yenye faida ya kufidia hayo. Na sisi tulikuwa na bahati, yeye alirudi.

Ndiyo, alirudi. Sasa hivi anaendesha tena, anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Siku ya kwanza alipokuja kuchukua mzigo, kabla sijasema kitu alitoa simu, akanitumia lokesheni, akaiweka mfukoni akafunga zipu. Akaniambia, "Bosi, nikifika nitakwambia." Nikamjibu sawa. Mchana ule niliangalia ile nukta ikisogea kwenye ramani mpaka ikasimama kwa mteja, na sikuandika neno.

Fanya hivi leo kabla ya kulala: weka ujumbe wa kujibu wenyewe, jaribu kuwasha Usinisumbue, ruhusu watu wako watatu wa muhimu. Ni kazi ya dakika kumi na tano. Kesho asubuhi mfundishe boda wako lokesheni, mkiwa mmekaa, pikipiki imezimwa.

Kama umekwama sehemu yoyote, uliza kwenye maoni ukitaja aina ya simu yako, nitakuelekeza nikishatoka barabarani. Mtumie na mwenzako mwenye duka, na mtumie boda wako pia. Ila angalia kwanza kama amefika.